Kutuma ujumbe mfupi wa simu kwa barua pepe: mwongozo kamili kwa ofisi ndogo na vikundi

Chama chetu cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kina wanachama 180, na zaidi ya nusu yao wanatumia simu za kitochi ambazo hazina WhatsApp wala intaneti. Ofisini kuna kompyuta moja, na katibu hushinda mbele yake akiandikiana barua pepe na daktari wa mifugo, kiwanda cha maziwa na ofisi ya kata. Zamani kila tangazo lilipotoka lilibidi linakiliwe upya kwenye simu ya mkononi na kutumwa kwa mafungu ya namba ishirini ishirini, kazi iliyokula asubuhi nzima. Siku hizi katibu huyo huandika barua pepe moja, huielekeza kwenye anwani moja, na baada ya dakika chache simu zinalia huko mabondeni. Nitaeleza jinsi mpango huo unavyowekwa, pamoja na mitego ambayo sisi tuliifahamu baada ya kunaswa.

Njia ambayo ujumbe unapita

Barua pepe husafiri kwa intaneti, huweza kuwa ndefu kadiri mwandishi apendavyo, na hubeba picha, rangi na viambatisho. Ujumbe mfupi, ambao wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 katika mtandao wa Vodafone, una nafasi ya baiti 140 tu, na haubebi chochote zaidi ya maandishi. Kati ya hivyo viwili panahitajika lango, yaani kompyuta inayopokea barua pepe, kusoma namba ya simu iliyoandikwa kabla ya alama ya @, kuvua kila kisicho maandishi, kisha kuyakabidhi yaliyobaki kwa kituo cha ujumbe mfupi cha kampuni ya simu. Kituo hicho huuhifadhi ujumbe mpaka simu ya mpokeaji ipatikane hewani. Simu ikizimwa kwa muda unaozidi ule uliowekwa, ujumbe hutupwa na mpokeaji hatajua kamwe kwamba ulikuwapo.

Ukishaielewa njia hiyo utaona kwamba kazi yako kubwa si kutuma, bali kupunguza. Barua pepe huja na mizigo mingi ambayo mwandishi haioni, na mzigo wowote usiouondoa wewe mwenyewe ama utaliacha lango libahatishe namna ya kuuondoa, ama utaulipia.

Anwani za bure za kampuni za simu

Kwenye intaneti bado kuna orodha ndefu za anwani zinazodaiwa kutuma ujumbe bure. Nyingi zinatoka Marekani, ambako kampuni kubwa za simu zilimpa kila mteja anwani iliyoundwa kwa namba yake ya tarakimu kumi, ikifuatiwa na @txt.att.net kwa wateja wa AT&T, @vtext.com kwa Verizon, au @tmomail.net kwa T-Mobile. Mtumaji hakulipa kitu. Alichotakiwa kujua ni mtandao wa mpokeaji, na hata hilo likawa gumu baada ya Wamarekani kuruhusiwa, kuanzia mwaka 2003, kuhama kampuni bila kubadilisha namba. Watumaji wa barua taka nao wakaugundua mlango huo usio na bawabu. AT&T ililifunga lango lake tarehe 17 Juni 2025, kwa hiyo mtu mwenye ndugu huko ambaye amekuwa akiwatumia habari za nyumbani kwa njia hiyo atafute nyingine.

Kwa Afrika Mashariki, usijenge mpango wowote juu ya anwani za namna hiyo. Mwaka 2012 Google ilianzisha Kenya, Ghana na Nigeria huduma ya bure ya kupokea na kujibu barua pepe za Gmail kwa ujumbe mfupi, lakini leo huwezi kuitegemea. Kuhama mtandao na namba ileile kuliruhusiwa Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2017, kwa hiyo tarakimu za mwanzo za namba hazikuhakikishii tena kampuni ya mwenye simu. Lango la kulipia hulitatua hilo lenyewe, kwani ndilo linalotafuta namba iko mtandao gani. Wewe unaandika namba tu.

Hatua ya kwanza: chagua lango

Kampuni zinazouza huduma hii ni za namna mbili. Za kwanza, kama vile ClickSend na Textmagic, hupokea barua pepe moja kwa moja: unafungua akaunti, unanunua salio, na unapewa kikoa, yaani sehemu ya anwani inayoanzia kwenye alama ya @, cha kuandika baada ya namba ya simu. Za pili, kama Africa's Talking ya Nairobi na Beem ya Dar es Salaam, zinajulikana zaidi kwa API, yaani mlango ambao programu nyingine huutumia kuomba ujumbe utumwe. Hizi za pili zina faida ya kuwa karibu na mitandao ya kwetu, na malipo yake ni kwa njia tulizozizoea. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: bei ya kila sehemu ya ujumbe kwa nchi unayotaka kutuma, kama barua pepe inapokelewa moja kwa moja, na kama salio lina tarehe ya mwisho.

Ukichagua kampuni yenye API peke yake, bado unaweza kutuma kwa barua pepe ukijenga daraja dogo. Katika Gmail tengeneza lebo, kwa mfano tuma-sms, na kichujio kitakachoibandika lebo hiyo kwenye kila barua inayotoka kwa katibu ikiwa na neno la siri mliloafikiana. Kisha fungua Google Apps Script, ambayo ni ya bure, uandike programu fupi ya kuzitafuta barua zenye lebo hiyo ambazo hazijasomwa, kuchukua maandishi matupu ya kila moja, kuyapeleka kwenye API pamoja na ufunguo wa akaunti yako, na mwisho kuiwekea barua alama ya kwamba imesomwa. Programu hiyo huwekewa saa ya kujiendesha kila baada ya dakika moja, tano au kumi. Kijana yeyote aliyesoma kuandika programu ataimaliza kwa siku moja. Msisitizie jambo moja tu: alama ya kusomwa iwekwe hata pale API inapojibu kwa kosa, na kosa lenyewe liandikwe mahali pa kuonekana, la sivyo barua ileile inaweza kutumwa tena na tena mpaka salio liishe.

Hatua ya pili: omba jina la mtumaji

Ujumbe unaweza kufika ukionyesha jina la chama badala ya namba. Jina hilo halizidi herufi 11, pamoja na nafasi, na kwa mitandao ya Tanzania na Kenya kwa kawaida huwezi kujichagulia na kuanza kulitumia siku hiyohiyo. Kampuni ya lango huliombea kibali, nawe hutakiwa kutoa barua yenye nembo ya taasisi na cheti cha usajili. Anza hatua hii mapema kuliko zote, kwa sababu mtandao mmoja unaweza kukubali leo na mwingine ukachelewa. Ukiulizwa kama ujumbe wako ni wa matangazo ya biashara au wa taarifa kwa wanachama, jibu kwa ukweli na kwa uangalifu, maana mtu aliyezuia ujumbe wa matangazo kwenye simu yake hatapata chochote kinachokuja kwa jina lililosajiliwa hivyo.

Ujumbe uliotumwa kwa jina haujibiki. Mwanachama akibonyeza kujibu, simu itakataa au jibu litapotea. Ndiyo maana kila tangazo letu huishia na namba ya ofisi, ingawa hilo hutugharimu nafasi kumi za thamani.

Hatua ya tatu: funga mlango

Anwani ya mtumaji kwenye barua pepe ni rahisi kughushi kuliko watu wengi wanavyodhani. Mtu akiijua anwani ya lango lako na anwani ya katibu, anaweza kuwaandikia wanachama wote kwa jina la chama, akiwaomba watume michango kwenye namba yake. Katika mipangilio ya akaunti, ruhusu anwani moja au mbili pekee, na kama lango linakubali neno la siri ndani ya barua au kwenye kichwa cha habari, liwekwe. Mwombe pia anayesimamia kikoa cha barua pepe cha taasisi aweke rekodi za SPF na DKIM, ambazo humsaidia mpokeaji kutambua barua iliyoghushiwa. Nywila na taarifa za fedha za mtu binafsi zisipite kabisa katika njia hii, kwa kuwa zinabaki zimeandikwa katika sanduku la barua, katika kumbukumbu za lango na katika simu ambayo pengine mjukuu ndiye anayeishika.

Hatua ya nne: safisha namba

Namba iandikwe kwa mfumo wa kimataifa: tarakimu za nchi, kisha namba bila sifuri ya mwanzo. Namba ya Tanzania iliyozoeleka kuandikwa 07XXXXXXXX inakuwa 2557XXXXXXXX, na ya Kenya inaanza na 254. Zote mbili zina tarakimu 12. Baadhi ya malango hutaka alama ya kujumlisha mbele na mengine huikataa, kwa hiyo soma maelekezo ya lango lako.

Adui wa hatua hii ni Excel. Ukiandika namba inayoanza na sifuri, sifuri huondolewa. Ukiandika tarakimu 12 katika safu nyembamba, huonyeshwa kama 2.55E+11, na ukihifadhi faili kwa muundo wa CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mikato, katika hali hiyo, namba ya kweli inaweza kupotea moja kwa moja. Weka safu nzima iwe ya maandishi kabla ya kuandika namba ya kwanza, si baadaye. Kisha pakia orodha hiyo kwenye akaunti yako ya lango kama kundi moja, na uombe anwani ya kundi. Kuandika anwani 180 kwenye barua pepe kunawezekana, lakini barua ya namna hiyo hukataliwa mara kwa mara ikidhaniwa ni taka.

Orodha yenyewe ni mali ya watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Kwetu, fomu ya uanachama ina mstari ambao mtu hutia sahihi kukubali kupokea taarifa kwa simu, na anayetaka kuondolewa huondolewa siku hiyohiyo.

Hatua ya tano: andika barua pepe yenyewe

Hapa ndipo fedha hupotea. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 endapo kila alama iliyomo imo katika alfabeti ya msingi ya mitandao ya simu, na Kiswahili kina bahati, kwani herufi zake zote zimo. Ukizidi 160, ujumbe hukatwa vipande vya herufi 153, kwa sababu nafasi chache za kila kipande hutumika kuieleza simu jinsi ya kuviunganisha. Lakini ikiingia alama moja tu isiyokuwamo katika alfabeti hiyo, ujumbe wote hubadilishwa mfumo, na kikomo hushuka kutoka 160 hadi 70; ukizidi hapo, kila kipande ni herufi 67.

Alama iliyotuumbua ilikuwa ritifaa. Tangazo lilikuwa hili:

Chanjo ya ng'ombe ni Jumamosi saa 2 asubuhi kwenye josho. Kila mfugaji aje na kadi ya mifugo. Atakayechelewa asubiri zamu ya mwezi ujao.

Ukilihesabu utapata herufi 136, yaani ujumbe mmoja wenye nafasi ya kubaki. Katibu aliliandika kwanza katika Word, na Word, kwa adabu yake, ikaigeuza ritifaa iliyonyooka ya ng'ombe kuwa ile iliyopinda, ambayo haimo katika alfabeti ya simu. Tangazo likawa vipande vitatu, cha tatu kikiwa kimebeba herufi o na nukta. Tulilipia sehemu 540 badala ya 180 kwa ajili ya kimstari kilichopinda. Yapo malango yanayoinyoosha alama hiyo yenyewe, lakini usiyategemee kabla hujayajaribu. Wapo pia wanaoandika ng`ombe kwa alama iliyo chini ya kitufe cha Esc. Hiyo nayo haimo. Jihadhari vilevile na alama za kunukuu zilizopinda, kistari kirefu ambacho Word hupenda kukiweka, na vikatuni vya hisia. Mabano ya mraba yanakubalika, ila kila moja huhesabiwa kuwa herufi mbili.

Dawa yake ni kuandika kwa maandishi matupu. Katika Gmail, bonyeza nukta tatu chini ya dirisha la kuandikia na uchague hali hiyo; katika kompyuta, andika kwanza kwenye Notepad kisha unakili. Ondoa saini ya barua pepe, ile yenye cheo, anwani ya posta na onyo la usiri, kwa sababu lango haliwezi kujua kwamba si sehemu ya tangazo. Malango mengi yana alama maalumu ya kuweka mwisho wa ujumbe ili kila kinachofuata kitupwe. Itafute katika maelekezo na uizoee. Kichwa cha habari nacho hutendewa tofauti: lango moja hukipuuza, jingine hukiweka mwanzoni mwa ujumbe na kukihesabu. Usimjibu mtu na kumwongeza lango humohumo, maana barua yote ya nyuma itafuata.

Kuhusu maneno yenyewe, weka jambo, siku, saa na mahali katika sentensi ya kwanza. Salamu ndefu ni heshima katika barua, ila katika nafasi ya herufi 160 neno "Ndugu" linatosha.

Hatua ya sita: jaribu kwa simu halisi

Tuma kwanza kwa simu tatu: ya kisasa, ya kitochi, na moja ya mtandao tofauti na hizo mbili. Angalia jina la mtumaji, mwanzo wa ujumbe, mwisho wake, na idadi ya sehemu iliyoandikwa katika akaunti ya lango. Idadi hiyo ikiwa kubwa kuliko ulivyotarajia, rudi utafute alama ngeni kabla ya kuligusa kundi zima.

Ukitaka ujumbe utumwe kwa saa maalumu, kumbuka kwamba malango hutumia saa za Kizungu, na mengine hutumia saa za UTC ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Ukiweka 08:00 kwa UTC, tangazo litafika saa 5 asubuhi. Msaidizi wetu mmoja, aliyeambiwa litoke saa 2, aliandika 02:00, na wanachama wakaamshwa saa 8 usiku kuambiwa habari za pumba.

Barua pepe zinazotumwa na mashine

Faida ya njia hii ambayo hatukuitarajia ni vifaa. Tangi la kupozea maziwa linatakiwa kuyashikilia katika nyuzi 4 za Selsiasi, na kifaa cha kupima joto tulichokifunga kinajua kutuma barua pepe tu. Tuliandika anwani ya lango, yenye namba ya mlinzi, mahali pa anwani ya kupokea taarifa, na tukairuhusu anwani ya kifaa katika akaunti. Weka kikomo cha idadi ya ujumbe kwa siku na, kama kifaa kinaruhusu, kiambie kirudie onyo kila baada ya nusu saa, kwani kikiachwa kijiamulie kitalia kila dakika usiku kucha kwa gharama yako. Hakikisha pia sanduku linalopokea taarifa za lango halina jibu la kujiendesha la likizo, maana lango likilitumia uthibitisho, sanduku hujibu, jibu hugeuka ujumbe, na ujumbe huleta uthibitisho mwingine.

Ujumbe usipofika

Fuata njia ileile kutoka mwanzo. Angalia kama barua pepe ilitoka, na kama ilirudishwa ikiwa na maelezo ya kukataliwa. Kisha fungua kumbukumbu za lango: kama barua haimo, basi anwani yako haikuruhusiwa, neno la siri lilikosewa, au salio limekwisha. Kama imo, soma hali yake. Kutumwa maana yake ni kwamba kampuni ya simu imeupokea, na kuwasilishwa ni kwamba simu yenyewe imekiri kuupata. Watu huchanganya mambo haya mawili na kugombana bure. Namba inayoshindwa kila mara huenda imefungwa au imepewa mtu mwingine, hivyo mtafute mwenyewe kwa njia nyingine kabla ya kumwandikia mgeni habari za chama.

Ipo sababu moja ambayo kumbukumbu hazikuielezea, tukaikuta njiani. Mzee mmoja wa kijiji cha juu alilalamika kwamba chama kimemsahau. Nilipoishika simu yake, kitochi kilichofungwa kwa mpira wa kandambili, niliona alama ya bahasha ikipepesa: sanduku la ujumbe limejaa. Tulifuta habari za bahati nasibu za miezi kadhaa, na hata hatujamaliza, matangazo mawili yakaingia kwa kufuatana, moja la jana na moja la asubuhi ile. "Kumbe mlikuwa mnanitafuta, mwanangu," akasema. Tangu hapo, siku ya malipo ya maziwa karani huwaomba wazee simu zao wakiwa bado kwenye foleni, akafuta ujumbe wa zamani mmoja mmoja huku wenyewe wakitazama.